Pini, kutu na mkono: vinara wa kuangusha ndege ardhini

Ndege nzito kuliko zote zilizowahi kuruka, Antonov An-225, ilikuwa na magurudumu 32, na mguu wake wa mbele uliweza kuinamishwa makusudi ili mizigo ipitie puani. Zinazofuata hapa ziliinama bila kutarajiwa.

Kwa udogo wa kosa, naipa nafasi ya kwanza Heathrow, 18 Juni 2021. Boeing 787-8 ya British Airways imeegeshwa, mizigo inapakiwa, mafundi wanashughulikia hitilafu. Kazi yao inataka wenzo wa magurudumu uwekwe kwenye “juu”, huku pini za usalama zikizuia miguu isikunjike. Fundi aliyelijua tundu la pini ya mbele hakulifikia kwa kimo chake, akamwonyesha mwenzake kwa kidole. Mwenzake akapanda ngazi, akaichomeka pini kwenye tundu la jirani. Wenzo ulipoinuliwa, mguu wa mbele ukakunjika na pua ikagonga sakafu. Kinachoniuma ni kwamba agizo la kuliziba tundu hilo la jirani lilikwishatolewa. Muda wa utekelezaji ulikuwa haujaisha, na ndege hii ilikuwa haijafikiwa.

Kwa subira, kutu haina mpinzani. Septemba 2007, ndege mbili aina ya Q400 za shirika la SAS zilivunjikiwa mguu zikitua, Aalborg tarehe 9 na Vilnius tarehe 12. Kutu ilikuwa imekula hesi za chuma ndani ya mtambo wa kukunjia mguu. Oktoba ikaja ajali ya tatu, yenye chanzo kingine, na shirika likaachana na Q400 zake zote. Kule Fort Lauderdale mwaka 2016, ndege ya MD-10 ya shirika la FedEx ilikatika mguu wa kushoto baada ya kutua, ikawaka moto. Ufa ulianzia kwenye kishimo cha kutu. Mtengenezaji alishauri mguu ufumuliwe na kukarabatiwa kila miaka 8. FedEx ilijipangia 9.

Kwa kosa la mkono, tiba rahisi kuliko zote ni ya Vita vya Pili vya Dunia. Marubani wa ndege za kivita za B-17, wakishatua salama, walikunja magurudumu wakidhani wanakunja flapu za mabawa, kwa sababu swichi zake zilifanana na zilikaa pamoja. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis hakuwalaumu. Alishauri swichi ya magurudumu ibandikwe kigurudumu cha mpira, na ya flapu kabari. Hadi leo kanuni za Marekani zinataka kishikio cha magurudumu cha ndege za abiria kiwe na umbo la gurudumu.