Karibu uraiani, Afande

Jumapili ya leo naomba tukae kidogo na mtu ambaye huenda yuko katika usharika wako, benchi la nyuma, karibu na mlango. Mgongo ameunyoosha kama mkongojo. Viatu vyake vinang'aa kuliko vya mchungaji. Ibada ikitangazwa kuanza saa tatu, yeye amefika saa mbili na nusu, na sisi tukichelewa, utamwona anaitazama saa yake halafu anatazama dari. Ni askari mstaafu. Umemsalimia mara nyingi, "Shikamoo Afande," akakuitikia, ukapita.

Nimemfahamu mmoja wa namna hiyo huku Kyela, upande wa Ipinda, kwenye barabara ya kwenda Matema. Ameniruhusu nisimulie habari zake kwa sharti kwamba nisitaje jina. Alistaafu akiwa sajini, baada ya miaka zaidi ya ishirini jeshini. Siku aliporudi, ukoo ulichinja, kwaya ikaimba, mchungaji akaomba, na watu wakala wali wa Kyela, ule ambao harufu yake inamfikia mpita njia barabarani. Kesho yake kila mtu akaenda shambani kwake. Yeye akabaki na nyumba.

Nyumba hiyo ameijenga kwa mshahara wake, tofali kwa tofali, lakini hakuwahi kulala ndani yake zaidi ya siku za likizo. Kila chumba kilikuwa na utaratibu aliouweka mkewe. Mkewe ndiye aliyejua mpunga unapandwa lini, mkokao upi umezeeka, mtoto yupi anadaiwa ada, na mto ukifurika mwezi wa tatu au wa nne vitu vinahamishiwa kwa jirani gani. Mwenye nyumba alikuwa mgeni kwake mwenyewe.

Akafanya alichokijua. Saa kumi na nusu alfajiri yuko macho, anafagia uwanja uliokwisha kufagiliwa jana, anapiga pasi shati, anakaa kwenye kiti akitazama barabara. Hakuna wa kumpa taarifa, hakuna wa kupokea taarifa yake. Akaanza kukagua. Vikombe vipangwe hivi. Watoto wakiingia wasimame. Mama akienda sokoni aseme anarudi saa ngapi. Mwezi wa nne mama yule alikwenda kwa mchungaji, akakaa, akanyamaza muda mrefu, kisha akasema: "Mchungaji, nimemwombea arudi salama miaka yote hii. Amerudi. Sasa niombee nini?"

Jambo jingine alilisema kwa sauti ya chini. Mumewe halali chumbani. Analala sebuleni, kwenye kiti, uso ukielekea mlangoni.

Msomaji wangu, Biblia inamjua mtu huyu. Fungua 2 Samweli sura ya 11. Tukifika hapo, macho yetu yote humfuata Daudi na dhambi yake, na wahubiri tumeihubiri dhambi hiyo mpaka tumechoka nayo. Lakini kuna askari ndani ya sura ile. Uria ameitwa kutoka vitani. Mfalme anamwambia ashuke nyumbani kwake akanawe miguu, na zawadi ya mfalme inamfuata nyuma. Haendi. Analala mlangoni pa jumba la mfalme pamoja na watumishi. Akiulizwa sababu, anasema kwamba sanduku la Mungu na watu wa Israeli wako vibandani, na Yoabu na wenzake wamepiga kambi uwandani; yeye ataingiaje nyumbani ale, anywe na alale na mkewe? Usiku wa pili analeweshwa, na bado haendi. Mwili uko Yerusalemu, mtu mwenyewe yuko kambini na wenzake.

Sisemi Uria na sajini wetu ni kitu kimoja. Uria alikuwa na vita inayoendelea, huyu amemaliza utumishi wake na ana karatasi zinazosema hivyo. Lakini mlango ni ule ule, na kilichowashika wote wawili ni wenzao walioachwa kule.

Hapa kwetu Unyakyusani tunapaswa kulielewa hili upesi kuliko watu wengine. Zamani vijana wa Kinyakyusa waliondoka nyumbani kwa baba zao wakiwa wadogo, wakajenga kijiji chao na wenzao wa rika, wakakulia humo, wakaoa humo. Mtafiti Monica Wilson aliyekaa huku miaka ya 1930 aliandika kitabu kizima juu ya vijiji hivyo, Good Company, kilichotoka mwaka 1951. Wazee wana neno lake: ukwangala. Ni ile raha ya kukaa na wenzako, kula pamoja, kuongea, kutaniana, kujua kwamba ukianguka kuna mtu kakuona. Kwa wazee wetu mtu asiyekuwa na hilo alikuwa na upungufu mkubwa hata kama ana ng'ombe wengi.

Basi jeshi ni kijiji cha rika. Kijana anaingia na kundi lake, wanakimbizwa pamoja, wanakula sahani moja, wanalala hanga moja, wanapandishwa vyeo mmoja akimshangilia mwenzake. Siku ya kustaafu kijiji hicho chote kinafungwa kwake kwa sahihi moja. Sisi tunadhani amepoteza mshahara, kwa hiyo tunazungumzia kiinua mgongo tu.

Na kiinua mgongo tulikizungumza kweli! Mpwa wake alikuja na hesabu kwenye daftari: basi dogo la kwenda Mbeya kupitia Tukuyu, litarudisha fedha ndani ya mwaka mmoja na nusu. Shemeji alikuja na habari ya kiwanja. Na kanisa je? Tuseme ukweli, maana leo ni Jumapili. Baada ya ibada tunakuwa na mnada wa sadaka za mazao: mkungu wa ndizi, kuku, debe la mpunga. Mzee anayenadi, mwenye maneno matamu, kila bei ikikwama anamgeukia mtu wa benchi la nyuma. "Afande hajasema!" Watu wanacheka, Afande anasema. Alinunua jogoo mmoja kwa bei ambayo mbuzi angeona aibu. Basi lilikufa injini kwenye milima ya Rungwe, mpwa akahamia Dar es Salaam, na kwa mwaka ule mzima hakuna mzee wa kanisa aliyekwenda kukaa naye jioni bila bahasha ya mchango mkononi. Nami sikwenda. Nilikuwa na shughuli zangu, kama ulivyo na zako.

Ufuo huu wa ziwa haukuanza jana kuona watu wakienda na kurudi vitani. Septemba 1914 Waingereza na Wajerumani walipigana Karonga, ng'ambo ya Songwe. Mei 1916 majeshi ya Waingereza yakavuka kutoka Nyasaland na kuitwaa Neu Langenburg, ndiyo Tukuyu ya leo, na vita vile vilibebwa vichwani na migongoni mwa wapagazi. Halafu likaja la Kagera. Mwishoni mwa Oktoba 1978 askari wa Idi Amin waliingia nchini, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka mikononi mwa wanajeshi wetu na Waganda waliokuwa wakipigana pamoja nao. Waliokwenda hawakuwa askari wa kudumu peke yao. Walichukuliwa mgambo wengi, wakulima waliokuwa na jembe wiki moja na bunduki wiki iliyofuata. Vita ilipokwisha, wakarudi kwenye jembe.

Jirani wa sajini wetu ni mmoja wa mgambo hao, mzee sasa, miguu inamsumbua. Nilimwuliza alipokelewaje. Akacheka. Alisema watu walimwuliza maswali mawili tu: "Uliua?" na "Umeleta nini?" La kwanza hakulijibu. La pili alilijibu kwa kuonyesha redio. Swali la tatu, la kwamba analalaje usiku, alisubiri mtu amwulize. Anasema mkewe aliliuliza mwaka 1986.

Torati ilikuwa na busara katika jambo hili. Katika Hesabu 31, sura ngumu yenye mambo ya kutisha ambayo sitayapaka sukari, waliotoka vitani wanaambiwa wakae nje ya kambi siku saba, wajitakase siku ya tatu na ya saba, ndipo waingie. Hata washindi. Hakuna aliyepitishwa moja kwa moja kutoka uwanja wa vita hadi kwenye sahani ya wali. Sisi hatuna siku saba. Tuna kwaya, soda na hotuba ya mwenyekiti wa kijiji.

Wapo pia vijana ambao hawakufika hata kwenye cheo. Unawajua. JKT, iliyoanzishwa mwaka 1963, inachukua vijana wa kujitolea kwa mkataba wa miaka miwili, na kila wanapoitwa huambiwa wazi kwamba mafunzo hayo si ahadi ya ajira. Kijana anasikia, lakini mama yake sokoni amekwisha kusema, "Mwanangu ni mwanajeshi." Miaka miwili ikiisha bila kuchaguliwa kujiunga na chombo chochote, kijana anaona haya kushuka stendi ya Kyela na begi lake. Wengine hawashuki. Wanabaki mijini wakilinda mageti usiku, na nyumbani wanapeleka picha za zamani za sare. Kama una mtoto wa namna hiyo, mpigie simu leo baada ya ibada. Mwambie chakula kipo na maswali hayapo.

Nirudi kwa sajini. Aliyemtoa kwenye kiti ni mkewe, kwa kisu cha kakao. Asubuhi moja alimwambia, "Baba, leo twende wote, mikono yangu haitoshi." Akaenda. Akaliona tunda la njano, akalishika, akalivuta kwa nguvu kama mtu anayeng'oa kigingi cha hema. Likatoka na gome. Mama akapiga kelele ambayo, sajini anasema, hakuisikia tangu kwa mkufunzi wake wa kwanza. Maana kakao huchanua pale pale kwenye shina, na ukilichuna gome, mwakani mahali pale hapatoi ua. Tunda linakatwa kikonyo, taratibu. Akafundishwa. Akafundishwa na kuzifunika mbegu kwa majani ya migomba siku tano, sita, hata saba, zichemke na kuiva zenyewe kabla hazijaanikwa. Yeye alitaka zianikwe siku ile ile, kazi iishe. "Zitakuwa chungu," mama akasema, "na wanunuzi watazikataa."

Wanajeshi walimwendea Yohana Mbatizaji mtoni wakamwuliza, nao wafanye nini (Luka 3:14). Akawajibu kwa mambo ya kila siku kabisa: wasimdhulumu mtu, wasimsingizie mtu, watosheke na mshahara wao. Mara nyingi tunalitazama jibu. Mimi siku hizi natazama kwamba palikuwa na mtu wa kumwuliza. Yule wa benchi lako la nyuma amwulize nani? Nawe humwiti kwenye kamati ya shamba la usharika, humwombi awafundishe vijana wa kipaimara kufika kwa wakati, humtumi hata kwenda kumwona mgonjwa. Unamwita siku ya mnada.

Bado usiku mwingine sajini analala kwenye kiti. Mkewe anasema siku hizi kiti kimegeuzwa kidogo, hakitazami mlango sawasawa. Jumapili mzee mgambo humpitia, wanakaa pamoja benchi lile lile la nyuma, na hawazungumzi sana. Ibada ikiisha wanatoka pamoja kuelekea nyumbani kwa miguu, na kabla hawajafika kwenye daraja hatua zao zimekwisha kulingana, kushoto, kulia, bila wenyewe kujua. Juma lililopita mama alikuwa nyuma yao na kapu la ndizi kichwani.

"Nyie wazee," akaita, "punguzeni mwendo, wengine hatuko kwenye gwaride."

Wakasimama kumsubiri. Sajini akalipokea kapu.