Dawa ya Kumwachisha Mtu Kokeini Hupimwaje?

Watu wengi huuliza kwa nini mtu aliyenaswa na dawa za kulevya asipewe dawa akaziacha. Kwa heroini msaada upo. Hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni mwaka 2011, na siku hizi hutolewa hata hapa Mwanza, katika Hospitali ya Sekou Toure. Lakini kwa kokeini nyingi zimejaribiwa, na hakuna hata moja iliyoidhinishwa Marekani wala Ulaya.

Dawa mpya hujaribiwa kwanza kwa wanyama, kama panya. Isipowadhuru, hupewa watu wachache, kwa kipimo kidogo kinachoongezwa pole pole. Hapo haiulizwi bado kama yaponya. Yaulizwa kama yadhuru.

Dawa ya kokeini ina mtihani wa ziada. Kokeini yenyewe huufanya moyo kwenda mbio, hubana mishipa na kupandisha shinikizo la damu. Yaweza kumwua hata kijana mwenye nguvu. Tena mgonjwa aweza kuirudia huku dawa imo mwilini. Je, viwili hivyo vikikutana? Ili kujua, madaktari wa Marekani huwalaza hospitalini watu wazima ambao tayari hutumia kokeini, nao wamekubali kwa hiari. Hupewa dawa kwa siku kadhaa, kisha kokeini kidogo kwa sindano, huku moyo na shinikizo la damu vikipimwa. Mtu asiyepata kuitumia hapewi kamwe, asije akafunzwa uraibu. Hatari ikionekana, jaribio hukomeshwa.

Basi, ikifaulu hapo imekuwa dawa? La, bado. Twaweza kujifunza kwa jambo lililotokea hapa kwetu. Wanawake wa Mwanza walishiriki, pamoja na wenzao wa Uganda, Zambia na Afrika Kusini, kujaribu jeli ya kuzuia virusi vya UKIMWI. Jibu lilitoka mwaka 2009: jeli haina madhara, lakini haizuii. Wanawake wale hawakupoteza kazi yao; kwa ajili yao hakuna aliyeuziwa kinga ya uongo.

Hapa Tanzania jaribio la dawa halianzi bila kibali cha NIMR na TMDA. Hata hivyo, ye yote atakayeombwa kushiriki na aulize mambo matatu kabla ya kutia sahihi: Dawa hii yaweza kunidhuru vipi? Nikidhurika nani atanitibu? Nikitaka kujitoa kesho, nitaruhusiwa? La mwisho jibu lake ni moja tu: ndiyo, siku yo yote.