Kusafisha Hewa: Neno Moja, Kazi Tatu

Tangu kuzuka kwa Uviko-19 mwaka 2019, nyaraka kuhusu hewa ya ndani ya majengo zimezidi kuletwa kwa wafasiri, na wengi wao hutumia neno moja, "kusafisha hewa", kwa kila mbinu. Neno hilo halina kosa katika mazungumzo ya kawaida. Katika istilahi, hata hivyo, linaficha tofauti ambayo mnunuzi wa vifaa vya shule au zahanati hana budi kuijua.

Kazi zenyewe ni tatu. Ya kwanza ni kupitisha hewa, yaani kuitoa ya ndani na kuingiza ya nje. Ya pili ni kuondoa chembe katika hewa iliyomo: chujio huzinasa, na kitoa ioni huzitia chaji ya umeme zikaganda ukutani. Ya tatu ni kuua vijidudu hewani, kama ifanyavyo mionzi ya urujuanimno. Chujio halileti hewa mpya, wala mionzi haiondoi vumbi.

Jaribio lililofanywa Lima, nchini Peru, na kuchapishwa mwaka 2009, linaonyesha umuhimu wa tofauti hizo. Hewa ya wodi ya wagonjwa wa kifua kikuu ilipelekwa kwa makundi matatu ya simbilisi, wanyama wadogo wa maabara, kwa siku 535. Katika kundi linganishi, lililovuta hewa isiyotibiwa, wanyama 106 kati ya 304 waliambukizwa, yaani asilimia 35. Kundi lililokuwa na vitoa ioni lilikuwa na asilimia 14, na lile lililovuta hewa iliyopigwa mionzi asilimia 9.5. Mfasiri asiandike kuwa asilimia hizo "waliugua". Hata katika kundi linganishi, waliothibitishwa kuwa na ugonjwa wenyewe hawakufika asilimia 9. Kuambukizwa si kuugua.

Kwa kuwa twasema "kutibu maji", tunapendekeza "kutibu hewa" liwe jina la jumla la kazi ya pili na ya tatu. Chini yake tuweke "uondoaji chembe" na "uuaji vijidudu", na "upitishaji hewa" ubaki peke yake. Afisa akisoma "kusafisha hewa" akanunua taa ya mionzi kwa kutaraji itaondoa moshi, kosa hilo si lake. Ni letu tulioandika.