Wiki Ijayo, Mahali Palepale

Magharibi mwa Goma, karibu na Mugunga, kuna ziwa dogo lililotulia ndani ya shimo la volkano ya kale. Maji yake ni ya kijani, na mtaa mzima umechukua jina lake: Lac Vert. Ardhi hapa ni mawe meusi, na barabarani chukudu, skuta za mbao za kubebea mizigo, hupita zikiwa zimelemewa na magunia ya makaa na viazi. Hakuna kiwanda kinachounda chukudu. Fundi huchonga mti kwa panga na tezo, akafunga kipande cha mpira kwenye magurudumu ya mbao, na chombo kikaenda.

Kila nikimtazama fundi wa chukudu namkumbuka Albert Nlandu Matubanza wa Kinshasa, aliyejifunza mwenyewe kuunda besi kubwa, ile fidla inayomzidi mchezaji kimo. Aliiunda kwa ajili ya Orchestre Symphonique Kimbanguiste, iliyoanzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda. Kwetu mtu akisema okestra, wengi hufikiria bendi ya rumba. Hii ni ya simfoni: ya Beethoven, Handel na Verdi.

Diangienda alikuwa rubani wa ndege. Kazi hiyo ilipokatika, alirudia wazo la marehemu baba yake, Joseph Diangienda, kiongozi wa Kanisa la Kimbangu aliyefariki mwaka 1992: kanisa liwe na okestra. Babu yake Armand ni Simon Kimbangu, ambaye kanisa hilo lina jina lake, aliyefungwa na Wabelgiji mwaka 1921 na kufia kifungoni mwaka 1951 huko Elisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi.

Rubani huyu hakusomea muziki katika chuo chochote. Alijifunza selo, dada mkubwa wa fidla, kisha akasimama mbele ya wenzake kuwaongoza. Mwanzoni watu 12 walitumia kwa pamoja fidla 5: mmoja akipiga, wengine wakingoja zamu. Uzi ukikatika, waliweka waya wa breki ya baiskeli. Nota walizinakili kwa mkono, ukurasa baada ya ukurasa.

Hapo ndipo ninapoiona kazi ya mwongozaji. Watazamaji humwona mtu mwenye kijiti, mgongo ameuelekeza kwao, mikono ikipanda na kushuka, wakadhani sauti inatoka kwenye ile mikono. Lakini yeye ndiye pekee jukwaani asiyetoa sauti yoyote. Anachoweza kufanya ni kujua kinachowasibu wanaoitoa: kwamba mpiga fidla aliyeushusha upinde hadi ncha hana nguvu tena ya kuongeza sauti, kwamba kidole kinachohama juu ya uzi kinahitaji kitambo kidogo, kwamba safu ya nyuma husikia kwa kuchelewa. Mambo hayo huwezi kuyasoma kwenye karatasi ya nota. Unayajua kwa sababu uliwahi kukaa kwenye kiti hicho na mkono ukakuuma. Ndiyo maana zamani, kabla kijiti hakijazoeleka, aliyeongoza mara nyingi alikuwa mpiga fidla wa kwanza mwenyewe, kwa kuinua upinde wake.

Mmoja wa waongozaji hao alikuwa Joseph Bologne, Chevalier de Saint-Georges, aliyezaliwa Guadeloupe mwaka 1745, mama yake Nanon akiwa mtumwa. Paris ilimjua kwa fidla, na mwaka 1773 akaanza kuongoza Concert des Amateurs, iliyohesabiwa miongoni mwa okestra bora za Ulaya. Mwaka 1776 jina lake lilipotajwa kwa uongozi wa Opera ya Paris, wasanii wa kike wa opera hiyo walimwandikia Malkia kwamba hawawezi kupokea amri za mtu wa damu yake. Cheo hakukipata. Kisa hicho huniumiza, na hunifundisha pia kwamba mwongozaji huongoza kwa ridhaa ya wanaoongozwa. Wasipokubali kuvuta pumzi pamoja naye, ujuzi wake wote hauna pa kutokea.

Diangienda aliipata ridhaa hiyo kwa miaka ya mazoezi. Walikuja baada ya kazi, vinyozi, mafundi umeme, wachuuzi wa sokoni, na umeme ukikatika walingoja gizani. Filamu ya Kijerumani *Kinshasa Symphony* iliwafikisha kwa ulimwengu mwaka 2010, na mwaka 2013 Royal Philharmonic Society ya London ikamfanya Diangienda mwanachama wa heshima. Lakini kati ya 1994 na 2010 kuna miaka 16, na mingi kati ya hiyo dunia haikuwa ikiwatazama.

Ni miaka hiyo ninayoitamani kwa ajili ya Lac Vert. Mikono ya kuchonga ipo, na masikio yapo. Kwaya za mitaani huimba sauti nne bila kinanda. Lakini tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliziangukia kambi za waliohama makwao, hapa na Mugunga. Mji wa Goma ulipotekwa Januari 2025, kambi zikavunjwa na watu wakatawanyika tena. Fidla inaweza kuazimwa, na waya wa breki haukosekani. Okestra inataka watu walewale, mahali palepale, wiki ijayo na ile inayofuata, mpaka aliyeketi nyuma ajue pumzi ya aliyeketi mbele.