Tairi za theluji: ndugu yako wa Québec hakudanganyi

Kila mwaka, mwezi wa 11 ukifika, kuna familia za Goma, Bukavu ao Uvira zenye kupata sauti kwa telefone kutoka Kanada: mwezi huu hakuna kitu, ninanunua mipira ya gari. Hapa kwetu wengi wanaona ni kisingizio. Gari alilinunua mwezi wa 7, mipira ikiwa mizuri, sasa imeharibika wakati gani?

Haijaharibika. Lakini jimbo la Québec, kwenye Wakongomani wengi wanaishi, lina sheria: kuanzia tarehe 1 mwezi wa 12 mpaka tarehe 15 mwezi wa 3, gari linapaswa kuwa na tairi za majira ya baridi, zote 4. Polisi wakikukamata bila hizo, amande inaanzia dola 200 za kule.

Na si sheria tu. Tairi ya kawaida, joto likishuka chini ya digrii 7, inaanza kukauka na kuwa ngumu sawa plastiki. Haishike tena barabara, hata kama theluji haijaanguka. Tairi ya baridi imetengenezwa na mpira laini wenye kubaki laini hata kwenye digrii 20 chini ya sifuri, na usoni iko na mikato midogo-midogo mingi yenye kuuma theluji.

Basi, namna gani ya kuichagua? Wageni wengi wanaangalia meno makubwa, sawa vile tunazoea kuchagua mipira ya matope kwa njia ya Walikale. Kule meno peke yake hayatoshi. Angalia ubavuni: kunapaswa kuwa alama ya mlima wa vilele 3, na ndani yake ua la theluji. Ni tairi iliyopimwa kwenye theluji. Herufi M+S peke yake hazitoshi, zinaonyesha tu umbo la meno.

Kisha soma tarakimu 4 za mwisho kwenye maandishi ya DOT. 3522 maana yake juma la 35 la mwaka 2022. Ukinunua za okazio, tarehe hiyo ni ya lazima, sababu mpira ukizeeka unakuwa mugumu hata kama meno yangali marefu. Na meno yenyewe, yakiwa chini ya milimita 5 hivi mwanzo wa baridi, afazali uache.

Kuna wenye kutaka kupunguza bei, wananunua 2 tu za mbele. Hiyo ni hatari kubwa: mbele inashika, nyuma inateleza, gari linazunguka lenyewe katikati ya njia. Wengine wanasema: mimi niko na kate-kate, siogope. Sisi watu wa Kivu tunaamini sana kate-kate, na kwa matope tuko na haki. Lakini nguvu ya magurudumu 4 inasaidia kuondoka, haisaidii kusimama. Frein iko kwenye magurudumu yote ya kila gari. Kwenye barafu, ni mpira ndio unaamua utasimama wapi.

Presha nayo inashuka na baridi, karibu bar 0.1 kila digrii 10 zikipungua. Ndiyo maana kule wanapima mara kwa mara.

Sasa, tairi hizi zinaweza kufika mpaka huku, ndani ya mizigo ya okazio kutoka Ulaya. Zinaonekana nzuri, meno marefu, bei chini. Kabla ya kulipa mwenye kwado, tafuta ule mlima na ua la theluji. Ukiuona, ujue kwenye jua la Uvira ule mpira laini utaisha haraka, na kwenye lami yenye moto gari litachukua metre nyingi zaidi kusimama.