Je, Wajua? Simiyu ilizaliwa kwa saini ya Rais

Bunge halikuhitaji kupiga kura ili Mkoa wa Simiyu uwepo. Ibara ya 2(2) ya Katiba ya Tanzania inampa Rais mamlaka ya kuigawa nchi katika mikoa na wilaya, mradi afuate utaratibu uliowekwa na sheria. Machi 2012, Rais Jakaya Kikwete aliyatumia mamlaka hayo, na tangazo likachapishwa katika Gazeti la Serikali. Geita, Katavi na Njombe zilizaliwa pamoja na Simiyu.

Kati ya wilaya za Simiyu, Bariadi, Maswa na Meatu zilitoka Mkoa wa Shinyanga. Itilima ilimegwa kutoka Bariadi. Busega ndiyo yenye kisa kitamu: ilikuwa sehemu ya Magu, mkoani Mwanza, kwa hiyo mkulima wa pamba wa huko alibadilishiwa mkoa bila kuhamisha hata jembe. Makao makuu yakawekwa Bariadi, na mwananchi wa Bariadi mwenye shida ya ngazi ya mkoa hakulazimika tena kusafiri hadi Shinyanga mjini.

Mkuu wa mkoa naye hapigiwi kura. Kwa Tanzania Bara, huteuliwa na Rais. Tukirudi kwenye ugawaji wa mikoa, kwa Zanzibar mambo ni tofauti kidogo: kabla ya kuigawa Zanzibar, Rais wa Muungano hushauriana kwanza na Rais wa Zanzibar.