Je, Wajua? Sarafu ileile ya gemu, bei mbili

Tarehe 13 Agosti 2020, wachezaji wa Fortnite kwenye iPhone walikuta njia mbili za kulipia. V-Bucks 1,000, sarafu ya gemu hiyo, kupitia Apple: dola 9.99. Kwa kumlipa mwenye gemu moja kwa moja: dola 7.99. Siku hiyohiyo Apple iliiondoa Fortnite dukani mwake. Google nayo ikaiondoa kwenye duka lake. Epic Games, wenye gemu, walikuwa wamejiandaa: kesi mkononi, na katuni ya kuikejeli Apple juu yake!

Maduka hayo mawili hukata hadi asilimia 30 ya malipo. Katika dola 10, hadi dola 3 huishia njiani.

Ndiyo maana kampuni kama Supercell ya Finland, wenye Clash of Clans, zina maduka yao kwenye wavuti. Mchezaji anaingia kwa akaunti yake, analipa, kisha akifungua gemu kwenye simu anakuta vito alivyonunua vimeshafika. Chambo ni nyongeza na zawadi. Wanaolengwa hasa ni wachezaji sugu. Anayecheza mara mojamoja hatajisumbua kutoka nje ya gemu kwa vito vichache.

Januari 2024 Apple iliruhusu gemu katika duka lake la Marekani kuweka viungo vya kwenda maduka ya nje, lakini kwa makato ya hadi asilimia 27. Ukarimu wa asilimia tatu! Aprili 2025 jaji wa kesi ya Epic, Yvonne Gonzalez Rogers, aliyapiga marufuku makato hayo. Mwezi uliofuata, Fortnite ikarudi kwenye iPhone za Marekani.